Kopo la Masaki na Unga wa Kariakoo: Tathmini ya Dawa Mbili za Mitishamba za Sonona

Tathmini hii inahusu dawa mbili za mitishamba nilizozinunua kwa fedha yangu hapa Dar es Salaam, zote mbili zikiwa zimenadiwa kwangu kuwa zinaondoa sonona. Ya kwanza ni kopo la kapsuli kutoka ng'ambo, lililouzwa katika duka la virutubisho huko Masaki. Ya pili ni unga wa mizizi na magome niliopimiwa kwa kijiko katika duka la tiba asili ndani ya Kariakoo. Maduka yenyewe sitayataja, kwa sababu niliyoyakuta humo yanaweza kukutwa katika maduka mengi ya aina hiyo, na msomaji atanufaika zaidi akijua la kutazama na la kuuliza kuliko akijua mlango wa kuukwepa.

Ni lazima nianze na hali yangu, kwa kuwa dawa haipimwi bila kujua ilikuwa inatibu nini. Tangu tulipomzika mama, nilikuwa ninaamka saa tisa za usiku na kukaa macho hadi adhana ya alfajiri, chakula hakikuwa na ladha, na madaftari ya wanafunzi wangu yalikuwa yanarundikana mezani kwa majuma bila kusahihishwa. Mume wangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Muuguzi aliniuliza maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita, yahusuyo usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu, kukosa furaha katika mambo niliyoyapenda, na mwishoni swali la iwapo nimewahi kufikiri ni heri nife. Nilipata alama 8 kati ya 27, ambazo kwa kipimo hicho ni sonona ya kiwango kidogo. Daktari hakuniandikia dawa. Alinipangia vipindi vya ushauri nasaha, akanitaka nitembee kila jioni, na kuniambia nirudi baada ya wiki nne.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ndilo lililonipa nafasi ya kujaribu mitishamba bila kucheza na maisha yangu. Aliyepata alama 20, au aliyejibu "ndiyo" kwa lile swali la mwisho, hana nafasi hiyo. Njia yake ni ya hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na ndugu wa kumsindikiza, na hakuna kopo wala unga unaostahili kusimama kati yake na daktari. Aidha, ieleweke kwamba kile tunachokiita mtaani "mawazo" kinabeba mambo mengi: deni la kikundi, ugomvi wa nyumbani, uchovu wa foleni ya Mbagala, pamoja na ugonjwa wenyewe. Muuzaji anayekuambia kwamba dawa yake "inaondoa mawazo" bado hajakuambia inatibu nini.

Duka la Masaki ni safi, lina kiyoyozi, na makopo yamepangwa kwa rangi. Binti aliyenihudumia alikuwa na adabu na haraka. Nilipomweleza shida yangu alifika kwenye rafu moja kwa moja, akashusha kopo lililoandikwa St. John's wort, akasema, "Dada, hii ni ya asili kabisa, haina madhara yoyote. Wateja wanairudia sana." Nililipa shilingi 65,000 kwa kapsuli 60. Mazungumzo yetu, pamoja na kulipa, hayakuzidi dakika tano.

Kwa haki ya kopo lenyewe, lebo yake ni ya kuigwa. Imetaja mmea kwa jina lake la kitaalamu, Hypericum perforatum, imetaja sehemu ya mmea iliyotumika, uzito wa miligramu 300 katika kila kapsuli, kiwango cha asilimia 0.3 cha haiperisini, mojawapo ya kemikali za mmea huo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Huo ni mmea wa Ulaya wenye maua ya manjano, ambao hupewa jina la Mtakatifu Yohana kwa kuwa huchanua karibu na sikukuu yake ya tarehe 24 Juni. Ndugu zake wapo katika milima yetu, ukiwamo Hypericum revolutum, lakini undugu wa mimea si undugu wa dawa, na mtu asije akachuma maua ya manjano Usambara akidhani ameokoa shilingi 65,000.

Je, madai ya kwamba mmea huu unasaidia sonona ni ya kweli? Kwa kiasi kikubwa ni ya kweli, nami sikutarajia kuandika hivyo. Mwaka 2008 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, na kukuta kwamba kwa sonona ya kiwango kidogo na cha wastani dondoo za mmea huu zilishinda vidonge bandia, yaani visivyo na dawa ndani, zililingana na dawa za kawaida za hospitali, na wagonjwa wachache zaidi waliziacha kwa sababu ya madhara. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali: yalikuwa mazuri zaidi katika nchi zinazozungumza Kijerumani, ambako mmea huu una historia ndefu na madaktari huuandika kama dawa. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, lenye wagonjwa 340 wa sonona ya wastani hadi kali, halikuona mmea ukishinda vidonge bandia. Ila katika jaribio hilo hilo hata sertralini, dawa ya hospitali iliyowekwa kwa kulinganisha, haikuvishinda waziwazi. Kwa hiyo hatuzungumzii maji ya rangi. Hii ni dawa, na ubaya wa binti wa Masaki ulikuwa kuniuzia dawa kana kwamba ananiuzia asali.

Kuna hesabu ambayo hakunifanyia. Kiwango kilichotumika katika majaribio mengi ni miligramu 900 kwa siku, yaani kapsuli tatu, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Kopo la kapsuli 60 linakwisha siku ya ishirini. Mtu anayetaka kujua kama dawa hii inamfaa atanunua makopo matatu, shilingi 195,000, ilhali dawa ya hospitali ya mwezi mzima niliyokuja kuulizia bei baadaye haikufika robo ya kopo moja.

Siku ya kumi na nane nilipatwa na homa. Kipimo cha zahanati kilionyesha malaria, nikaandikiwa dawa ya mseto, nikaenda famasi ya jirani kuinunua. Mfamasia, kijana ambaye huenda nilimfundisha mdogo wake, aliniuliza kabla ya kunikabidhi boksi: "Mwalimu, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia? Hata ya asili?" Nilitoa kopo mkobani nikiwa na uhakika kwamba halihusiki. Alilisoma, akarudisha boksi la mseto nyuma ya kaunta, akanifafanulia jambo ambalo nilistahili kuelezwa Masaki.

Ndani ya mmea huu kuna kemikali iitwayo haipaforini, ambayo ndiyo inayodhaniwa kubeba sehemu kubwa ya nguvu yake dhidi ya sonona, kwa kuzuia ubongo usizirudishe upesi serotonini na kemikali nyingine za hisia. Kemikali hiyo hiyo huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunjavunja dawa. Ini likishaamka haliulizi dawa ni ya nani: linaivunja artemetha na lumefantrini, zile dawa mbili zilizomo katika mseto, na malaria inaweza kubaki damuni huku mgonjwa akiamini amemaliza dozi. Kuacha kapsuli leo hakutoshi, kwa kuwa vimeng'enya huchukua wiki mbili hivi kurudi katika hali yake. Nilirudishwa kwa daktari, naye akayasimamia matibabu yangu mwenyewe na kuniita nipimwe damu tena.

Swali la pili la mfamasia lilikuwa la aibu kidogo mbele ya foleni, kwa hiyo aliniita pembeni: "Uzazi wa mpango unatumia njia gani?" Nina kijiti mkononi mwaka wa pili sasa. Homoni za kijiti, kama zilivyo za vidonge vya majira na za dawa ya dharura, nazo huvunjwa na vimeng'enya hivyo. Kwa siku kumi na nane nilikuwa nimejiona salama bila kuwa salama, na nilitakiwa kutumia kondomu hadi wiki nne baada ya kapsuli ya mwisho. Fikiria mwanamke mwenye sonona, ambaye amenunua kopo ili apate nafuu ya moyo, anashika mimba asiyoipanga na hajui hata siku moja kwamba kopo lilihusika.

Orodha inaendelea, nami ninaiandika kwa kirefu kwa sababu hakuna neno lake hata moja lililotamkwa dukani. Anayetumia ARV asiuguse mmea huu bila daktari wake kujua. Mwaka 2000 ilithibitishwa kwamba uliishusha indinaviri, mojawapo ya ARV za wakati huo, mwilini kwa asilimia 57, na ingawa indinaviri imepitwa na wakati, dolutegraviri iliyomo katika kidonge kimoja kwa siku wanachotumia watu wengi nchini nayo inaweza kupunguzwa nguvu na mmea huu, na virusi vikakomaa dhidi ya dawa. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, digoksini ya moyo, au dawa za kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa, yuko katika hatari hiyo hiyo. Kwa mtu ambaye tayari anameza fluoksetini au dawa nyingine ya sonona kutoka hospitali, hatari ni ya upande wa pili: serotonini huzidi kipimo, mwili ukatetemeka, jasho likamtoka, moyo ukaenda mbio, akaharisha na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Mwenye ugonjwa wa vipindi, ambaye huzuni yake hupishana na uchangamfu uliopitiliza, anaweza kurushwa na mmea huu hadi kwenye kipindi cha wazimu. Ngozi nayo huweza kuungua juani upesi kuliko kawaida, na jua la Dar es Salaam halihitaji msaada.

Nilipokuwa nimeliweka kopo kabatini, shangazi yangu wa Magomeni alinisikitikia kwamba nimepoteza fedha kwa dawa za Wazungu wakati Kariakoo ipo. Nilikubali, zaidi kwa udadisi kuliko kwa matumaini.

Duka la Kariakoo ni chumba kimoja chenye magunia, mizani ya shaba na benchi la wateja. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya meza yenye chetezo. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Keti kwanza, dawa haikimbii." Nilikaa naye karibu saa nzima. Aliniuliza usingizi unakatika saa ngapi, kama nikila ninashiba, kama nina mimba, kama nina presha au sukari, mama alifariki kwa ugonjwa gani, na kama nilimlilia. Hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuniuliza, hospitali wala nyumbani, na nililia pale pale juu ya benchi, huku mteja mwingine akijifanya anasoma maandishi ya ukutani. Ikiwa ningekuwa ninatathmini usikilizaji peke yake, ningelipa duka hili nyota zote zilizopo mbinguni. Ninaamini pia kwamba sehemu ya nafuu wanayoisimulia wateja wa mitishamba inatoka kwenye saa ile ya benchi, kabla kijiko hakijaingia kwenye gunia.

Kisha kijiko kikaingia. Unga wa kahawia, vijiko vikubwa sita, ulifungwa katika karatasi na kutiwa ndani ya kopo la plastiki ambalo zamani lilikuwa la siagi ya karanga. Bei shilingi 10,000. Kijiko kimoja cha chai katika uji asubuhi na kimoja usiku. Nilipouliza una nini ndani, nilijibiwa kwamba ni mizizi saba. Nilipouliza unatibu nini, orodha ilikuwa ndefu: mawazo, presha, sukari, tumbo la uzazi, nguvu za kiume na mikosi. Kila ugonjwa ulioongezwa kwenye orodha hiyo uliniondolea imani kidogo katika ule wa kwanza. Halafu lilikuja agizo ambalo ndilo ninaloliona kuwa kosa kubwa kuliko kukosa lebo: "Ukianza ya kwangu, za hospitali ziweke kando, zisije zikagombana." Hofu yake ya dawa kugombana haikuwa ya kijinga, kama malaria yangu ilivyokwisha kunifundisha, lakini suluhisho lake linaweza kumuua mwenye kisukari. Tuliokuwapo mwaka 2011 tunakumbuka misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha ARV zao wakiamini wamepona.

Ukutani palikuwa na cheti cha usajili wa mganga, na mzee alikionyesha kwa fahari. Hapa wateja wengi hukosea. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa, na usajili wa kimoja si usajili wa vingine. Mganga mwenye cheti halali anaweza kukuuzia unga ambao haujawahi kufika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa. Mteja aombe kuona namba ya usajili ya dawa yenyewe, na akiambiwa cheti kile cha ukutani kinatosha, ajue hakitoshi.

Niliutumia unga kwa siku tatu, baada ya wiki mbili za kukaa bila kapsuli. Usiku wa kwanza nililala kama gogo. Siku ya pili nilipitilizwa na daladala vituo viwili nikisinzia, na siku ya tatu niliinuka kitini darasani nikaona giza, ikabidi wanafunzi wanishike. Muuguzi wa zahanati alikuta presha yangu imeshuka. Niliacha siku hiyo hiyo, na kizunguzungu kikaisha.

Mzizi unaoweza kuleta usingizi na kushusha presha si jambo la ajabu. Kuna jamii nzima ya miti ya namna hiyo. Mmoja wao ni Rauvolfia serpentina wa India, ambao mwaka 1952 ulitolewa reserpini, dawa iliyotumika sana kwa presha na kutuliza wagonjwa wa akili, hadi zikaanza kuja taarifa za wagonjwa walioingiwa na sonona baada ya kuitumia. Ndugu zake wako Afrika, na mmoja wao ndio msesewe, ambao Wachaga hutumia gome lake katika kutengeneza mbege, pombe yao ya ndizi. Sidai kwamba msesewe ulikuwa ndani ya kopo langu. Ninachosema ni kwamba mti wa kutuliza na mti wa kuzamisha wanaweza kuwa ndugu wa damu, na mwenye sonona, ambaye analala mchana na kuuchukia usiku, hapaswi kuuziwa usingizi kama tiba. Pia unga usiopimwa unaweza kubeba kuvu na bakteria kutoka sakafuni, na katika nchi mbalimbali imewahi kugunduliwa dawa za hospitali zikiwa zimesagwa na kuchanganywa ndani ya zile zinazoitwa za asili.

Shangazi aliniletea pia zafarani, ambayo nitaigusa kwa ufupi tu. Kuna majaribio madogo, mengi yakiwa ya Iran, yaliyotumia miligramu 30 kwa siku na kuonyesha nafuu kwa sonona ndogo na ya wastani. Tatizo la hapa mjini ni kwamba zafarani ya kweli ni ghali mno, na nyuzi nyekundu za bei nafuu mara nyingi ni kitu kingine kilichotiwa rangi. Chai ya mchaichai, tangawizi na mdalasini sikuipa alama yoyote kama dawa ya sonona, ingawa ninainywa kila jioni kwa kuwa ni tamu.

Kwa hiyo ninatoa hukumu hivi. Kopo la Masaki ni bidhaa nzuri iliyouzwa vibaya: ningempendekezea mtu mzima mwenye sonona ndogo iliyothibitishwa hospitali, asiyetumia dawa nyingine yoyote, asiyetegemea homoni za uzazi wa mpango, asiye mjamzito wala hanyonyeshi, na ambaye daktari wake amearifiwa, naye aelewe kwamba akipata malaria lazima ataje kopo lake kabla ya kitu kingine. Watu wa namna hiyo katika jiji hili si wengi. Unga wa Kariakoo sitaurudia wala sitampendekezea mtu, hata kwa shilingi 10,000, hadi uwe na majina ya mizizi yake na namba ya usajili. Huduma ya mfamasia, ambaye hakuniuzia chochote siku ile, ndiyo pekee niliyoondoka nayo nikiwa nimeridhika kabisa.

Nilirudi maduka yote mawili. Masaki, binti yule alinisikiliza, akaandika kwenye karatasi maneno "ARV, kijiti, mseto, dawa za presha ya akili" na kuibandika pembeni ya rafu; nilimsahihisha neno la mwisho, akacheka, akaandika upya. Kariakoo, nilimwomba mzee anitajie ile mizizi saba nikaiulizie katika Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, ambako wanaichunguza mimea ya namna hiyo. Alinitajia mitatu. Minne iliyobaki alisema ni ya babu yake. Nilimshukuru, nikanunua fungu la mchaichai la shilingi 1,000, naye akaniuliza kama sasa ninalala.